UZI: Kuendesha baiskeli kwenye vilima vya mizabibu Chianti (Italia): fuata mgongo wa kilima

Mpanda_Vilima (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila Septemba ikikaribia napata ujumbe wa Watanzania na Wakenya walioko Ujerumani, Uingereza, Uholanzi, na wengine wa nyumbani kabisa, wanaotaka kuja Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, kuendesha baiskeli katikati ya mizabibu. Wanauliza kilomita, hoteli, bei ya kukodi baiskeli. Swali ambalo mimi naliweka mbele ya yote hayo haliulizwi: barabara unayoichagua inapita juu ya kilima, au inakivuka? Naishi Firenze, Chianti ndiko ninakofanyia mazoezi, na nawaandikia haya kwa sababu nimeona watu wenye miguu mizuri wakirudi na treni saa nane mchana, hawajaona kitu zaidi ya lami iliyo mbele ya tairi lao.

Chianti ninayoisema ni ile iliyo kati ya Firenze na Siena, ya mvinyo wenye nembo ya jogoo mweusi shingoni mwa chupa. Mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, aliiwekea mipaka kwa amri ya mwaka 1716, na sehemu kubwa ya eneo lile la zamani bado iko ndani ya mipaka ya leo. Zabibu yake kuu ni Sangiovese, na kanuni inataka isipungue asilimia 80 ya mvinyo wenyewe.

Mzabibu hautaki mizizi ikae kwenye maji. Ukipandwa mteremkoni, mvua inapita. Usiku wa Aprili hewa ya baridi inashuka bondeni na kuunguza machipukizi ya huko, ya mteremkoni yanapona. Udongo nao ni mawe matupu: kuna galestro, unaomeguka vipande vipande mkononi, na alberese, jiwe la chokaa gumu. Kwa hiyo mashamba yako mbavuni mwa vilima. Vijiji vingi navyo viko juu kabisa, kwa sababu Firenze na Siena waligombania ardhi hii kwa karne nyingi, na mtu wa zamani hizo hakujenga bondeni ambako adui angemtazama kwa juu. Matokeo yake kwa mwenye baiskeli ni kwamba karibu kila kijiji unakifikia ukiwa unapanda.

Sasa angalieni ramani. Badia a Coltibuono, Radda na Castellina vimepangana kutoka mashariki kwenda magharibi. Vimekaa juu ya mgawanyo wa maji. Mvua ikinyesha Radda, tone linaloangukia upande wa kaskazini linaingia mto Pesa, linaishia Arno. Linaloangukia kusini linaingia Arbia, kisha Ombrone. Barabara inayounganisha sehemu hizo tatu inafuata mgongo huo huo. Ukishapanda mara moja kutoka Gaiole (meta 360 hivi) hadi Coltibuono (zaidi ya meta 600), umeshalipa kodi ya siku. Kutoka pale hadi Radda (meta 530), kisha Castellina (meta 578), barabara inainuka na kushuka kidogo kidogo tu, na huku na huku unaona mizabibu ikiteremka, kulia kuelekea Firenze, kushoto kuelekea Siena. Ni karibu kilomita 20 ambazo mtu wa kawaida anaweza kuinua kichwa akatazama.

Chukua sasa safari nyingine, fupi zaidi kwenye ramani: Radda kwenda Panzano. Kwa macho ni jirani. Lakini kati yao kuna bonde la Pesa. Unashuka hadi Lucarelli kwa raha, upepo usoni, halafu unaanza kupanda upya kuelekea Panzano, takriban meta 500 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Panzano kwenda Greve unashuka tena hadi meta 236, na ukitaka kurudi Castellina, hayo yote unayapanda upya. Hakuna mlima hata mmoja wa kutisha hapo. Kinachomaliza watu ni kwamba kila mteremko unakurudisha chini, misuli inapoa, halafu ukuta mwingine unaanza bila kukupa nafasi ya kupata mwendo. Mlima mrefu wa Alpi unaupanda saa nzima kwa pumzi moja. Chianti inakukatiza pumzi mara ishirini.

Ushauri wangu kwa anayekuja mara ya kwanza ni huu. Lala Gaiole, Radda au Castellina, usilale Firenze. Siku ya kwanza panda mgongoni, kaa mgongoni, rudi kwa njia hiyo hiyo. Siku ya pili vuka bonde moja. Mabonde mawili kwa siku ni ya mtu ambaye miguu yake imeshaijua ardhi hii.

Barabara maarufu ni SR222, ambayo huku wanaiita Chiantigiana, inayotoka Firenze hadi Siena kupitia Greve, Panzano na Castellina, kilomita 70 hivi. Ni nzuri, nisiwadanganye. Ila Jumamosi na Jumapili za majira ya joto inajaa pikipiki kubwa na magari ya watalii, na kona zake hazina bega la barabara la kukimbilia. Ipite asubuhi sana au katikati ya wiki.

Maswali karibuni.

---

Pedali_Mbagala

Natia nanga hapa. Mkuu nina swali la gia. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya zamani, mbele jino 39, nyuma kubwa kabisa ni 25. Hapa Dar naenda nayo Bagamoyo na kurudi bila wasiwasi. Inatosha huko au nikodi?

---

Mpanda_Vilima

Kodi, mkuu, au badilisha friwili kabla ya kuja. Nakuonyesha kwa hesabu. Tairi la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja linatembea karibu meta 2.1. Kwa jino 39 mbele na 25 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu meta 3.3. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 au 12, mtu wa mazoezi ya kawaida anakwenda kama kilomita 8 kwa saa. Kwa mwendo huo miguu yako itazungusha mara 40 tu kwa dakika, yaani unakanyaga kama anayepanda ngazi amebeba gunia, na mzigo wote unakaa gotini. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, kwa mwendo ule ule unazungusha mara 63. Magoti yatakushukuru saa kumi jioni.

Barabara ya Bagamoyo inataka mtu anayejua kukaa kwenye mwendo mmoja akipambana na upepo. Nguvu hiyo unayo tayari. Huku utakachohitaji ni uvumilivu wa kwenda polepole mwanzo wa kilima. Anayekurupuka kwenye kona ya kwanza ndiye anayesukuma baiskeli kwenye kona ya tatu.

---

Ridge_Limuru

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, na nimeisoma hii kitu ya mgongo nikaona kwetu kabisa. Kiambu na Murang'a ziko hivyo. Mito inashuka kutoka Aberdare, kila mto umechimba bonde lake, na katikati kuna migongo mirefu iliyonyooka. Barabara ya kupanda na mgongo mmoja ni ya pole pole, unaweza kuongea na mwenzako njia nzima katikati ya majani chai. Lakini jaribu kukata kutoka mgongo mmoja kwenda wa pili. Unashuka hadi darajani, unapanda ukuta, unashuka tena. Kwa ramani ni kilomita chache, kwa miguu ni siku nzima.

Sisi huko kwenye chai tunafanya hiyo ya kukata makusudi, ndiyo training. Kwa hivyo naomba nipinge kidogo: kwani mtu aende hadi Italia akae mgongoni tu? Raha yenyewe si iko kwa hayo mabonde?

---

Mpanda_Vilima

Ridge_Limuru, kwa mtu aliyelelewa na migongo ya Limuru nakubali, vuka mabonde yote. Mimi namwandikia mtu anayekuja kwa siku chache, amelipa nauli kubwa, na anataka kuona. Ukiwa na mapigo ya moyo 175 huoni mzabibu. Unaona kompyuta ya usukani na jasho linalodondokea juu yake. Mgongoni unaona mistari ya mizabibu, unaona ukuta wa mawe wa zamani unaoshikilia matuta, unaona mzee yuko na mkasi. Mtu akishaviona hivyo, mabonde atayaendea mwenyewe bila kuambiwa.

---

Binti_wa_Mpunguzi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi nimezaliwa Dodoma, kwenye zabibu. Watu wengi mnaosoma uzi huu mnaweza kudhani mizabibu ni ya Ulaya tu, kumbe ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa unaikuta Bihawana na Mpunguzi, ukielekea Hombolo unaikuta, na Makutupora kuna kituo cha utafiti cha serikali na aina ya zabibu nyekundu yenye jina la mahali hapo. Walioileta ni wamisionari wa Kikatoliki. Kwetu zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti. Mkulima anapogoa na mti unaanza upya. Huko Chianti wanavuna mara moja, Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, na mti unalala miezi yote ya baridi.

Nimeendesha baiskeli njia hizo tangu niko shule ya msingi, kupeleka chakula shambani. Kwa baiskeli ya mbio Dodoma ina tofauti kubwa na anachosema mleta mada. Ardhi ni tambarare yenye mawimbi madogo, halafu ghafla vilima vya mawe makubwa. Adui wetu ni jua la mchana na upepo. Juu zaidi ya meta 1,100 hewa ni kavu, maji ya mwilini yanaondoka bila jasho kuonekana. Anayetaka kujaribu aanze saa kumi na mbili asubuhi, saa nne awe amefika kivulini.

Ninachotamani, na naomba wanaohusika na utalii wa Dodoma wapite humu wasome, ni njia moja tu ya baiskeli yenye vibao, kutoka mjini kupitia vijiji vya zabibu. Wakulima wetu wanahangaika na soko la zabibu miaka yote. Mgeni anayepita na baiskeli anasimama, ananunua kilo mbili, anakunywa juisi, anauliza maswali. Gari linapita tu.

---

Mpanda_Vilima

Dada Binti, hilo la vibao limenigusa, kwa sababu ndiyo historia ya barabara nyeupe za huku. Ngoja niieleze vizuri.

Zamani ardhi ya Toscana ililimwa kwa mfumo wa nusu kwa nusu. Familia ya mkulima iliishi kwenye nyumba ya mwenye shamba, ikalima mizabibu, mizeituni na ngano vyote kwenye shamba moja, na nusu ya mavuno ikaenda kwa tajiri. Kila nyumba ilikuwa na njia yake ya changarawe ya rangi ya maziwa, kwa mikokoteni ya ng'ombe. Baada ya vita kuu ya pili vijana wakaondoka kwenda viwandani, nyumba zikabaki tupu, na mwaka 1964 sheria ikazuia mikataba mipya ya aina hiyo. Njia nyingi hazikuwekwa lami kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzipitia. Baadaye pesa zilipokuja, lami nayo ikaanza kuja, na njia nyeupe zikaanza kupotea.

Mwaka 1997 Giancarlo Brocci aliandaa safari ya baiskeli Gaiole akaiita L'Eroica. Siku hiyo walijitokeza watu 92, na baiskeli za kizamani. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba njia zile ni mali na zinastahili kulindwa. Leo wanakuja maelfu, kila mwanzo wa Oktoba. Kanuni bado ni kali: baiskeli iwe imetengenezwa kabla ya 1987, vibadilishi vya gia viwe kwenye bomba la chini la fremu, waya za breki zionekane nje ya usukani, pedali ziwe na mikanda. Njia ndefu kabisa ina kilomita 209, na imewekewa vibao vya kudumu, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuifuata mwezi wowote bila kujiandikisha popote. Kijiji kidogo kama Gaiole sasa kinajulikana na waendesha baiskeli wa dunia nzima kwa sababu ya barabara ambazo wengine waliziona ni umaskini.

Kwa hiyo wazo la Dodoma linawezekana kabisa. Njia za vumbi zipo tayari.

---

Spoki_Moja (fundi)

Kwa wanaotaka kuingia kwenye hizo njia nyeupe, neno la fundi. Msiende na tairi la upana wa milimita 23. Anzeni na 28, na 32 ikiingia kwenye fremu ni bora zaidi. Msijaze upepo hadi tairi liwe jiwe. Mtu wa kilo 70 na tairi la 32, upepo wa baa 4 (kipimo cha shinikizo) au pungufu kidogo unatosha. Upepo ukizidi, tairi linaruka juu ya changarawe badala ya kuikumbatia, unapoteza mwendo na kona inakutupa. Bebeni tyubu mbili, viraka, solushoni na pampu ya mkono.

Na breki. Kwenye changarawe yenye mteremko breki ya mbele ikishikwa ghafla kwenye kona, gurudumu linateleza na uko chini kabla hujajua. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa umenyooka, kisha iachie baiskeli ipite. Mikono iwe laini. Pita kwenye alama za matairi ya gari, kokoto nyingi huwa zimejikusanya katikati na pembeni.

Aliyekulia kwenye barabara za vumbi za kwetu, zenye yale mawimbi ya kutikisa meno, ana faida hapa kuliko Mzungu wa lami. Mwili unajua tayari.

---

Mpanda_Vilima

Nyongeza kwa fundi: mvua. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba mengi yalipandwa upya mistari ikishuka na kilima moja kwa moja ili trekta ipite. Mistari ya zamani ilikuwa juu ya matuta yanayozuia maji. Mvua kubwa ya Septemba ikipiga, udongo unashuka na mistari hiyo hadi barabarani, na mara nyingi unajikusanya kwenye kona ya chini. Na wakati wa mavuno matrekta yanatoka shambani na matope kwenye matairi. Ukiona shamba lenye mistari ya kushuka juu ya kona, shika breki mapema hata kama jua linawaka.

---

Abu_Shangani

Assalaam alaykum wote. Mimi mtu wa Unguja, nipo Muscat kikazi. Baiskeli naipenda sana, na huku Oman tuna milima ya kutosha. Lakini mvinyo sigusi. Je, kwa mtu kama mimi huko kuna la kufanya? Nahofia kila kituo ni kuonja, na chakula chenyewe sijui kimewekewa nini.

---

Mpanda_Vilima

Waalaykum salaam, ami. Karibu bila wasiwasi. Anayeendesha kwa dhati hapa haonji njiani hata akiwa mnywaji. Sheria ya Italia inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, na kiwango cha pombe ni kile kile cha dereva, gramu 0.5 kwa lita moja ya damu. Na kiafya, glasi moja mchana wa joto na kilima kinachofuata havipatani.

Nusu ya uzuri wa vilima hivi ni mizeituni. Mafuta mapya yanakamuliwa Oktoba mwishoni na Novemba, rangi ya kijani kibichi, yanawasha kooni, na wanakupa juu ya mkate uliochomwa na chumvi kidogo. Kuna jibini la maziwa ya kondoo. Kuna ribollita, supu nzito ya maharage, mboga za majani na mkate. Wakati wa mavuno wanaoka mkate bapa uliojazwa zabibu nyeusi zenyewe, mtamu, unafaa sana mfukoni mwa jezi. Uliza jambo moja kila mahali: kama kuna mafuta ya nguruwe. Wengine huyatumia kwenye unga wa mikate hiyo, na supu nyingine huanza na kipande cha nguruwe. Ukiuliza kwa adabu wanakuambia ukweli, wanajivunia chakula chao.

Maji usiyanunue. Viwanja vya vijiji vingi vina bomba la umma, maji safi na baridi.

---

Dada_wa_Mosel

Jamani mimi nipo Ujerumani, karibu na Trier, na kanuni ya mgongo huku haifanyi kazi hata kidogo! Mosel vijiji viko chini, kando ya mto, na mizabibu ya Riesling imening'inia juu yenu kwenye miteremko ya mawe meusi. Calmont, pale Bremm, ni kati ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya, wanavuna kwa kamba na vigari vya reli moja. Lakini njia ya baiskeli ni tambarare kando ya maji, unaweza kwenda na mtoto nyuma. Ukitaka kupanda mgongoni unapanda ukuta wa karibu meta 300 na juu unakuta msitu na upepo, mizabibu imebaki chini.

Kwa hiyo anayeanza kabisa, asiye na gia ndogo wala mazoezi, aje kwanza Mosel.

---

Mpanda_Vilima

Kweli kabisa dada, na inatokana na chanzo kile kile. Mosel iko kaskazini sana, mzabibu unatafuta kila mwale wa jua, na mteremko mkali unaotazama kusini juu ya maji ndiyo sehemu ya kuiva. Mto ulikuwa ndiyo barabara ya kusafirisha mapipa, hivyo watu walijenga chini. Chianti hakuna mto wa kupitisha mashua, na walijenga juu. Popote unapokwenda kwenye nchi ya mizabibu, kabla ya kuchora njia angalia vijiji vimekaa juu au chini, kisha endesha pale walipo watu.

---

Peloton_Nyumbani

Nimefurahi uzi huu umefika hapa bila kutajwa Biniam Girmay, mwendesha baiskeli wa Eritrea, sasa namtaja mimi.

Tarehe 17 Mei 2022, hatua ya 10 ya Giro d'Italia (mashindano ya kuzunguka Italia kwa hatua), Pescara hadi Jesi, kilomita 196. Jesi iko Marche, upande wa pili wa Toscana, nchi ya mvinyo mweupe wa Verdicchio, na vilima vyake ni vya namna hii hii anayoieleza mleta mada: vifupi, vikali, vinavyorudiarudia. Siku hiyo walipita Filottrano, kijiji cha Michele Scarponi, mwendesha baiskeli aliyegongwa na gari akafa akiwa mazoezini mwaka 2017. Mwisho wakabaki Girmay na Mathieu van der Poel, bega kwa bega, hadi Van der Poel akakaa kwenye tandiko na kumnyooshea dole gumba. Mtoto wa Asmara akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya moja ya mashindano makubwa matatu. Kisha jukwaani kizibo cha chupa ya prosecco (mvinyo wa mapovu) kikampiga jichoni na ikabidi ajitoe kwenye Giro. Miaka miwili baadaye akashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani (ya anayeongoza kwa pointi). Hatua ya pili kati ya hizo aliishinda Colombey-les-Deux-Églises, na kesho yake msafara ukapita kwenye njia nyeupe za mashamba ya Champagne kuzunguka Troyes.

Ukitaka kuelewa kwa nini vilima vya namna hii vinatoa mashindano mazuri, tazama Strade Bianche, mashindano ya siku moja kwenye njia nyeupe, yanayomalizikia Siena ndani ya Piazza del Campo. Yalianza 2007, wanawake wakaanza 2015. Hakuna mlima mkubwa mule. Lakini vilima vya changarawe vinang'oa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2024 Tadej Pogačar aliondoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 81, hakuna aliyemwona tena. Kabla tu ya uwanja kuna kichochoro cha Santa Caterina, mwinuko unafika asilimia 16, ukutani pande zote mbili watu wanapiga kelele. Kwa wanawake, Demi Vollering na Lotte Kopecky walipigana pale mwaka 2023.

Na Kigali 2025, mashindano ya dunia ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, yalikuwa hivyo hivyo: vilima vya mjini vikirudiwa, kilomita zaidi ya 260, wanaume waliomaliza 30 tu. Pogačar akashinda tena. Hatuna mizabibu Kigali, lakini vilima tunavyo kuliko wao, na vijana wetu wanavipanda kila siku na mizigo ya ndizi.

---

Pedali_Mbagala

Nimeshawishika, natafuta friwili ya meno 34. Swali la mwisho: kutoka Firenze nitafikaje na baiskeli bila gari? Na niende Septemba au Oktoba?

---

Mpanda_Vilima

Treni za mkoa zinabeba baiskeli, tafuta behewa lenye alama ya baiskeli, na unalipa tiketi ya ziada ya baiskeli, euro 3.50 kwa siku nzima. Firenze hadi Siena ni saa moja na nusu hivi kupitia Empoli na Poggibonsi. Treni za mwendo kasi ni shida nyingine, huko hadi uifungue na kuiweka kwenye mfuko. Radda, Gaiole na Castellina hazina reli, kwa hiyo shukia Poggibonsi upande hadi Castellina, au Siena uende Gaiole kupitia kasri la Brolio. Njia ya Brolio ni ndefu kidogo ila ndiyo ninayoipendekeza. Mle ndani ya kasri alikaa Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia, na ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu uliojenga jina la Chianti. Barabara nyeupe inayopanda kwake ina miti ya saipresi pande zote mbili.

Septemba ya katikati ni mavuno, joto bado lipo, vyumba ni ghali. Oktoba baada ya wiki ya L'Eroica bei zinashuka, majani ya mizabibu yanageuka manjano na mekundu, lakini mvua inaanza na giza linaingia mapema, kwa hiyo lete taa ya mbele na ya nyuma. Kwa mtu anayetoka Dar mimi ningekuambia Septemba, wiki ya pili. Chumba kishike kuanzia Mei.